Mto Kagera na Mistari Miwili ya Kina cha Ziwa

Mto Kagera hupita mpakani mwa Karagwe upande wa magharibi, kisha hugeuka mashariki katika Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na kuelekea Ziwa Viktoria. Katika mito yote iingiayo ziwani, hapana uuzidio kwa wingi wa maji. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mnamo Novemba 1861, ziwa lilikuwa halijapimwa kina. Vipimo vya mfululizo vilianza 1896, upande wa Uganda.

Mwaka 1923 C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alivilinganisha vipimo hivyo na hesabu ya madoa ya jua. Madoa huongezeka na kupungua katika muda wa miaka kama 11, na kina cha ziwa kilipanda na kushuka pamoja nayo. Mtu angalichora wimbi la saini na kosaini, akachagua vizidishi vyake kwa kanuni aliyoitangaza Legendre mwaka 1805, yaani miraba ya tofauti zote ikijumlishwa iwe ndogo iwezekanavyo, angaliona mstari ukiandama vipimo vizuri. Lakini miaka 27 haijazi hata mawimbi matatu. Baada ya 1930 hivi ulinganifu ule ulipotea. Kisha mvua za mwisho wa 1961 zikaja, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kadiri ya mita mbili na nusu. Si haki kumcheka Brooks. Polinomia ya vipeo vingi ingaliweza kupita katika kila kipimo alichokuwa nacho, na mwaka wa pili ingalipaa mbinguni.

Mawimbi yenyewe hayana kosa. Wimbi la miezi 12 likiunganishwa na la miezi 6 huandama masika na vuli za Karagwe mwaka hata mwaka, kwa kuwa sababu yake yajulikana: jua hupita juu ya Ikweta mara mbili. Kwa ile miaka 11 sababu ya namna hiyo haikuonyeshwa.

Mstari wa pili ulitokana na mwamba. Kabla ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954, maji yalitoka ziwani kwa maporomoko ya Ripon, na wingi wake ulifuata kina cha ziwa, karibu kwa kipeo cha pili cha kimo cha maji. Ilikubaliwa kwamba bwawa litoe maji kwa kuufuata mstari huo, kana kwamba mwamba ungalipo. Ziwa lilipopita vipimo vya awali, mstari ulirefushwa, ukaendelea kutumika kwa miongo mingi.

Mei 2020 ziwa lilifikia tena kimo cha 1964. Miaka yote miwili madoa ya jua yalikuwa machache, kinyume kabisa cha wimbi la Brooks.