Mawe ya Kilwa na Maneno ya Mafundi Wake

Wanazuoni wenzangu, atakaye kuuelewa udugu wa pwani yetu hana budi kuanzia Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu yake ilikuja kuvumbuliwa Zimbabwe Kuu, mbali na bahari. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala, ikapakiwa majahazini hadi Kilwa. Kimwani cha Msumbiji na lugha za Komoro ni jamaa za Kiswahili. Na kuta za matumbawe za Kilwa zina ndugu zao Gede na Lamu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitangazwa kuwa hatarini, kwani bahari, mvua na mimea vilikuwa vikizibomoa kuta. Baada ya ukarabati, yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014.

Hata hivyo, uhifadhi si kazi ya mawe peke yake. Saruji ikipakwa kwenye ukuta wa matumbawe, hufungia unyevu na chumvi ndani, nao ukuta humong’onyoka. Dawa yake ni chokaa, na elimu ya chokaa imo katika msamiati wa mafundi: namna ya kuyachoma matumbawe, kuichanganya chokaa na kuipanga boriti. Basi, msamiati huo tuukusanye wangali hai wenyewe. La sivyo, tutarithi majumba tusiyoweza kuyatengeneza.