Maziwa ya Kupima: Sheria ya Maziwa Kabiro, Kawangware na Kibera

Sheria ya maziwa ya Nairobi iliandikwa kwa ajili ya pakiti, ilhali maziwa mengi yaliyofika Kabiro, wadi ya upande wa Kawangware, yalipimwa kwa kikombe kutoka kwenye mtungi. Katika pengo hilo kumezaliwa karibu ugomvi wote kati ya wachuuzi na wakaguzi.

Walowezi waliunda Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, mwaka 1925. Mwaka 1958 Sheria ya Sekta ya Maziwa ikaanzisha Bodi ya Maziwa ya Kenya. Kwa miaka mingi mijini yaliruhusiwa maziwa yaliyosindikwa tu, na soko hilo lilikuwa la KCC. Hoja ya afya ilikuwa ya kweli, maana maziwa mabichi huweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela. Lakini hoja hiyo ilikilinda kiwanda pia, na mkazi wa mtaa wa kipato kidogo ndiye aliyelipa bei yake.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa na Dagoretti, eneo lenye Kawangware na Kabiro, ikaingia ndani ya jiji. Mfugaji aliyekuwa akimpelekea jirani maziwa ya asubuhi sasa alikuwa anauza chakula mjini, na kanjo, yaani askari wa jiji, walikuwa na mamlaka juu yake. Kibera nako, Wanubi waliokuwa wamekaa huko tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuwa na ng'ombe wao.

Mwaka 1992 soko la maziwa likafunguliwa kwa washindani. KCC ikadhoofika, na maziwa mabichi kutoka Kiambu na kwingineko yakaingia mitaani kwa baiskeli na matatu. Sheria ya kale haikufutwa, hivyo mchuuzi aliyekamatwa aliweza kuona jarikeni zake zikimwagwa mtaroni. Pale vipimo vilipotumika, vilikuwa rahisi. Laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, huelea juu zaidi katika maziwa safi, ambayo uzito wake ni takriban 1.028 hadi 1.032 ukilinganisha na maji, na huzama zaidi yakichanganywa na maji. Kipimo cha alkoholi nacho ni kuchanganya maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa, na yakiganda yameanza kuchacha. Kumwaga ilikuwa kazi ya dakika moja. Kupima kulihitaji mtu aliyefunzwa, na hapo ndipo utekelezaji ulipochechemea.

Lebo ilikuwa na matatizo yake. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali ilipitishwa mwaka 1965, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, likaanzishwa 1974. Pakiti inatakiwa kuonyesha jina la bidhaa, mtengenezaji, na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda. Maziwa ya kupima hayana pa kuandikia hayo. Yalifungwa kwenye mfuko wa plastiki hadi Agosti 2017, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku. Baadaye mteja akaja na chupa au sufuria yake. Badala ya lebo, mama wa kioski alijulikana kwa sura, na habari ya maziwa yaliyochacha ilizunguka ploti nzima kabla ya jioni.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye utafiti. Mradi wa Wafugaji Wadogo wa Maziwa, uliofanywa 1997 hadi 2005 na wizara ya mifugo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ulionyesha kuwa karibu kila nyumba huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, mara nyingi ndani ya chai, na hivyo vijidudu vingi hufa. Matokeo hayo yakawa msingi wa mafunzo. Bodi ikaanza kutoa leseni kwa wachuuzi waliofunzwa usafi na wanaotumia mitungi ya chuma, ambayo husafishika kuliko jarikeni. Kuchemsha, hata hivyo, hakuondoi sumukuvu wala mabaki ya dawa za mifugo.

Tangu 2013 leseni za wauza chakula ziko mikononi mwa kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kioski kimoja kinaweza kutembelewa na afisa wa afya wa kaunti, wa Bodi na wa KEBS, kila mmoja akiwa na karatasi yake. Mashine za kupima maziwa, zinazoitwa ATM, zimeenea Kawangware na Kibera. Maziwa yake yanatakiwa kupashwa moto wa kuua vijidudu kabla ya kumiminwa. Mwaka 2019 rasimu ya kanuni iliyolenga kuzuia uuzaji wa maziwa mabichi ilipingwa vikali, na serikali ikaisitisha.