Vanishi ya Mara ya Tatu

Leo tutazame karakana ya seremala mmoja katika kijiji cha Billund, nchini Denmark.

Mwaka 1932, wakati uchumi wa dunia umeanguka, Ole Kirk Christiansen alikosa kazi za ujenzi. Mwaka huohuo mkewe alifariki, akamwachia watoto wanne wa kiume. Akaanza kutengeneza vitu vya kuchezea watoto kwa mbao: magari, wanyama wa kukokota kwa kamba, na yoyo. Yoyo zilipododa, alizikata katikati, nusu zake zikawa magurudumu ya magari.

Husimuliwa kuwa siku moja mwanawe Godtfred alimjia kwa furaha: bata wa mbao amewapaka vanishi mara mbili badala ya tatu, hivyo pesa zimeokolewa. Baba akamwamuru aende stesheni akawarudishe bata wote, awapake tena na kuwafungasha upya, peke yake.

Mnunuzi asingejua. Nasi twakumbuka Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji. Seremala yule hakuwa Mwislamu, lakini somo ni letu.

Karakana ile ndiyo iliyozaa kampuni ya LEGO, iliyoacha mbao baada ya moto wa mwaka 1960.

Wazazi, watoto wetu wakitengeneza kigari cha mbao nyumbani, tukigeuze tutazame na chini: je, msasa umefika?

Allah atujaalie uaminifu katika kazi zetu. Aamin.