Mbwa mwindaji akienda shule, mwenye mbwa naye asome

Huenda umewahi kuona kwenye simu yako video ya mbwa mweusi, au wa rangi ya asali, akiwa amekaa kimya kando ya mwindaji. Bunduki inalia, bata mwitu anaanguka majini, mbwa hatikisiki. Anaambiwa neno moja tu, anajitosa majini, anaogelea, kisha anarudi na bata mdomoni bila kumtoboa kwa meno. Wengi hujiuliza: mbwa huyu alifundishwa na nani?

Mara nyingi jibu ni kwamba alipelekwa shule. Nchini Marekani na Uingereza wapo wakufunzi ambao kazi yao ya kila siku ni kupokea mbwa wachanga wa watu wengine, kukaa nao kwa miezi kadhaa na kuwafundisha kuokota ndege walioangushwa na wawindaji. Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini mbwa aliyefuzu vizuri anaweza kurudi nyumbani akaharibika ndani ya wiki chache.

Mbwa hawa ni wa aina gani?

Wanaitwa retriever, yaani mbwa wa kuokota na kuleta. Wanaojulikana zaidi ni Labrador na Golden Retriever. Asili ya Labrador ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada, ambako wavuvi walikuwa na mbwa hodari wa kuogelea waliowasaidia kuvuta kamba na kukamata samaki waliochomoka. Katika karne ya 19 meli za biashara ziliwafikisha Uingereza, na matajiri wenye mashamba makubwa ya kuwindia wakaanza kuwazalisha. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliitambua rasmi aina hiyo mwaka 1903. Golden Retriever alitokana na kizazi kilichoanzishwa Scotland mwaka 1868 na tajiri mmoja, Lord Tweedmouth.

Mbwa hawa wana sifa mbili za kuzaliwa nazo: wanapenda kubeba vitu, na wana mdomo laini, maana yake wanabeba bila kutafuna. Lakini kipaji peke yake hakitoshi. Mbwa asiyefundishwa atamfukuza ndege kabla ya bunduki kulia na huenda akapigwa risasi yeye. Au atampata ndege, kisha akimbie naye vichakani akamle.

Kuna jambo jingine linaloifanya kazi hii kuwa nzito. Ndege aliyejeruhiwa akajificha kwenye matete, asipopatikana, hufa polepole na nyama yake hupotea bure. Sheria ya Marekani inamtaka anayewinda ndege wanaohama afanye juhudi za kutosha kumpata kila ndege aliyemwangusha. Stempu ambayo wawindaji wa bata nchini humo hutakiwa kuinunua ilibeba mwaka 1959 picha ya Labrador mweusi aitwaye King Buck, akiwa na bata mdomoni, pamoja na maneno ya kukumbusha kwamba mbwa hawa huokoa mawindo yasipotee. King Buck alikuwa bingwa wa taifa mwaka 1952 na 1953. Mmiliki wake alikuwa tajiri John Olin, lakini aliyemfundisha na kumwongoza alikuwa mkufunzi wa kulipwa.

Apelekwe akiwa na umri gani?

Wakufunzi wengi hupendelea kumpokea mbwa akiwa na miezi sita hadi tisa. Kabla ya hapo meno ya utotoni yanang'oka na ya ukubwani yanaota. Fizi zinauma, na mbwa akilazimishwa kubeba kitu wakati huo anaweza kuichukia kazi ya kubeba maisha yake yote.

Lakini miezi ya mwanzo nyumbani si ya kukaa bure. Ni kazi ya mwenye mbwa kumzoesha gari, maji yasiyo baridi kali, nyasi ndefu, watu na wanyama wengine. Anamtupia soksi iliyokunjwa mara chache kwa siku, na anaacha mbwa akiwa bado anataka kuendelea. Anamfundisha jina lake na kuja anapoitwa. Anampatia pia chanjo ya kichaa cha mbwa na za magonjwa mengine ya kuambukiza, kwa sababu banda lenye mbwa wengi ni mahali rahisi pa kuambukizana.

Kosa kubwa linalofanyika katika umri huu ni kumpeleka mtoto wa mbwa mahali watu wanapofanyia mazoezi ya shabaha, eti azoee mlio wa bunduki. Wengi hurudi hapo wakitetemeka. Mbwa aliyeingiwa na hofu ya bunduki ni vigumu sana kumrudisha, na wengine hawarudi kabisa.

Huko shuleni anafundishwa nini?

Mafunzo ya msingi huchukua miezi mitatu hadi minne. Kwanza ni utii: kukaa, kubaki hapo hapo, kutembea kando ya mtu, kuja anapoitwa. Haya hurudiwa kila siku, kwa muda mfupi mfupi.

Pili ni kushika na kutoa. Mkufunzi hutumia kifurushi cha turubai badala ya ndege. Mbwa anajifunza kukishika bila kukitafuna, na kukikabidhi mkononi bila kukiangusha chini. Hatua hii ina sababu yake: ndege aliyejeruhiwa akiangushwa chini hata kwa sekunde moja, anaweza kukimbia akapotea.

Tatu ni mlio wa bunduki. Msaidizi husimama mbali, hatua mia moja au zaidi, akarusha ndege juu. Mbwa anapokuwa anamkimbilia kwa furaha, ndipo unalia mlio mdogo, kama wa bastola ya kuanzishia mbio. Siku zinavyopita mlio unasogezwa karibu, kisha inaletwa bunduki ya marisau. Kwa njia hiyo mbwa anauhusisha mlio na jambo analolipenda. Akionyesha wasiwasi, mkufunzi mwerevu hurudi nyuma hatua moja.

Nne ni kukumbuka mahali. Ndege wawili au watatu wanaangushwa sehemu tofauti, na mbwa anatakiwa kukumbuka kila mmoja alipoangukia. Wanaoendelea zaidi hufundishwa kumfuata ndege ambaye hawakumwona akianguka. Filimbi ikilia mara moja, mbwa aliye mbali hukaa na kumgeukia kiongozi wake. Mkono ukinyooshwa kulia anakwenda kulia, ukinyooshwa kushoto anakwenda kushoto. Kiwango hiki kinahitaji muda mrefu kuliko miezi ya msingi.

Je, wanapigwa?

Hapa wakufunzi wenyewe hawakubaliani. Marekani wapo wanaomlazimisha mbwa kushika kwa kumminya sikio, na wanaotumia mkanda wa shingoni unaotoa mshtuko wa umeme kwa rimoti. Wanasema ukitumika kwa kiasi na mtu anayejua, mbwa haumii bali anakumbushwa. Wengine wanapinga, wakisema uvumilivu na zawadi vinafikisha mahali pale pale bila hofu. Wales ilipiga marufuku mikanda hiyo ya umeme mwaka 2010. Mwenye mbwa ana haki ya kujua njia gani itatumika kwa mnyama wake, na ya kukataa.

Jinsi ya kumpima mkufunzi

Gharama nchini Marekani ni mamia ya dola kwa mwezi, na wapo wanaotoza zaidi ya dola 1,000. Kwa fedha kama hizo, haifai kumkabidhi mtu mbwa kwa kusikia sifa tu. Mwenye busara hufanya yafuatayo:

- Hutembelea mahali penyewe na kutazama mabanda: usafi, maji ya kunywa, kivuli.
- Huomba kuona mbwa wakifanya kazi, na kuangalia mikia yao. Mbwa anayefurahia kazi hutikisa mkia, aliyevunjwa moyo huuficha miguuni.
- Huuliza mkufunzi ana mbwa wangapi na nani hasa atamshika mbwa wake kila siku, yeye au msaidizi.
- Huuliza itakuwaje mbwa akiugua.
- Huuliza kama ataruhusiwa kuja kutazama, na kama atafundishwa yeye pia.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Siku ya kurudi nyumbani

Mbwa anaporudi anajua maneno ya mkufunzi, filimbi yake na mikono yake. Mwenye mbwa hajui lolote kati ya hayo. Akimwambia akae, na mbwa asipokaa, anarudia mara tano kisha ananyamaza. Siku hiyo mbwa amejifunza somo jipya: hapa nyumbani amri si lazima. Baada ya wiki chache ada yote imepotea, na mwenye mbwa anamlaumu mkufunzi.

Ndiyo maana wakufunzi wazuri humwita mwenye mbwa mara kadhaa kabla ya kumaliza, wakampa filimbi na kumwacha aongoze mwenyewe huku wakimsahihisha. Anayesahihishwa siku hizo mara nyingi ni mtu kuliko mbwa. Kisha nyumbani anatakiwa kuendelea na dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, kwa maneno yale yale na utaratibu ule ule.

Sisi tuchukue nini hapa?

Wengi wa wasikilizaji wetu hawana Labrador, wala hawatalipia mkufunzi. Wana mbwa wa kulinda boma au wa kwenda na mifugo. Hata hivyo somo ni hilo hilo. Baba anasema "keti", mama anasema "kaa chini", watoto wanasema "tulia", kisha tunamwita mbwa mjinga. Chagueni neno moja, litumike na nyumba nzima, na likisemwa litimizwe. Mtoto wa mbwa asianze maisha kwa fimbo na makelele. Na hakikisheni amechanjwa kichaa cha mbwa.

Tunaomba pia jambo moja lisichanganywe. Kumfundisha mbwa si ruhusa ya kwenda naye kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na Tanzania uwindaji unahitaji kibali. Kabla ya kumwingiza mbwa porini, muulize afisa wa wanyamapori wa eneo lako.

Mbwa hujifunza kila siku, hata siku ambayo hakuna anayedhani anamfundisha. Mkufunzi hukaa naye miezi minne, lakini mwenye mbwa atakaa naye miaka kumi au zaidi.