Mtihani Ndio Mwalimu Mkuu: Historia ya Kufundisha Usambara

Mabadiliko ya ufundishaji huelezwa mara nyingi kama safari ya kutoka kwenye mila kwenda kwenye usasa: zamani mwalimu alisema na mtoto akanyamaza, sasa mtoto aulize, ajaribu, ajadiliane na wenzake. Ukiipima simulizi hiyo kwa historia ya Usambara, kuanzia Lushoto na Mlalo kule juu hadi Magoma upande wa bonde la Lwengera, haisimami. Darasa la kunakili ubaoni na kukariri si urithi wa mababu wa Wasambaa. Lililetwa na serikali na misheni, likapewa kazi ya kuchuja watu, na limedumu kwa sababu kazi hiyo haijaisha. Kwa hiyo anayetaka kumweka mwanafunzi katikati ya somo, aanze na chujio kabla ya kumlaumu mwalimu.

Kabla ya shule, mtoto wa Kisambaa alijifunza shamba kwa kulima, na mambo ya utu uzima kwa kungwi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo hayo, zikiwemo za Usambara. Kila sanamu, iwe ya mtu, mnyama au chombo cha nyumbani, ilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na maana iliyofichwa. Mwali alitazama, akaimba, kisha akafunguliwa maana. Tusiyapake rangi mafunzo hayo. Yalikuwa na vitisho na adhabu, na mwali hakuwa na ruhusa ya kubishana na wakubwa wake. Anayesema yalikuwa ya kidemokrasia anajidanganya. Lakini yalikuwa na jambo moja ambalo shule ililipoteza: hakuna aliyefundishwa ili aachwe nje. Kundi zima lilitarajiwa kuvuka, na aliyechelewa kuelewa alirudiwa.

Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891 na kufundisha kwa Kisambaa, shabaha yao ikiwa msomaji wa maandiko. Miaka hiyohiyo shule ya serikali ya Tanga ilianza kuandaa makarani, wakalimani na walimu wa kuwatumikia watawala wa Kijerumani, kwa Kiswahili. Reli ilipofika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni, mwandiko mzuri na hesabu ya haraka vikawa njia ya mtu kuepuka jembe la mwenye shamba. Waingereza nao, baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, walitangaza kwamba elimu ilingane na maisha ya wenyeji. Tangazo lilikuwa zuri, ila mitihani ya kuvuka kwenda madarasa ya juu ilibaki palepale, na nafasi za huko zilikuwa chache mno. Mzazi aliyetaka mwanawe akariri hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaelewa mlango uko wapi.

Kwamba nafasi anayopewa mwanafunzi huamua kama atajifunza, ushahidi ulio wazi zaidi hautoki darasani, unatoka mashambani. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo, ambao baadaye ulipanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba aliadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na faida hawakuiona. Chuki ikakua hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1981, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP wa Lushoto ulirudi kwenye miteremko ileile na tatizo lilelile, ila kwa mikanda ya majani ya Guatemala yanayozuia udongo na papo hapo kulisha ng'ombe. Haukuondoa mmomonyoko wote, lakini mkulima safari hii alikuwa na jambo la kujaribu na kulipima kwa macho yake. Ardhi haikubadilika kati ya vipindi hivyo viwili. Kilichobadilika ni nafasi ya anayefundishwa.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo la shule ya kuchuja mwaka 1967. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea alionyesha kuwa asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, ilhali masomo yote yaliwaandaa kana kwamba wote wangekwenda. Shule zikapata mashamba, mtihani ukabaki. Mwaka 2005 mitaala ikageuzwa iwe ya umahiri, lakini mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua jibu hata katika Hisabati. Mtoto alitia weusi kwenye kiduara na hakutakiwa kuonyesha amefikaje hapo. Mwalimu gani mwenye akili timamu angetumia vipindi vitatu kuwaacha watoto wajadili njia tofauti za kugawanya sehemu?

Wapo wanaosema mbinu za kumweka mwanafunzi katikati hazifai darasa lililojaa kupita kiasi, na wana hoja. Serikali haiwezi kudai majadiliano pasipo madawati na vitabu. Hata hivyo, idadi haielezi kila kitu, kwa maana hata darasa dogo la mtihani hukaririshwa. Wengine hutetea kukariri wakitaja chuo cha Kurani. Nao nawakubalia nusu: kumbukumbu ni msingi, na aliyehifadhi vizuri hufika kwenye tafsiri akiwa na kitu mkononi. Lakini huko tafsiri hufuata, wakati shuleni baada ya kukariri hufuata matokeo. Hoja inayonisumbua zaidi ni ya lugha. Mtoto wa Magoma aliyezoea kuuliza kwa Kiswahili huanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza, na ulimi wake hufungwa siku hiyohiyo.

Mtaala mpya ulianza mwaka 2024, na elimu ya msingi itakuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza 2027. Karatasi watakayowekewa mbele yao ndiyo walimu watakayoifundisha tangu sasa, chochote kitakachosemwa kwenye semina.