Tao la Mashariki: Shoka Lilipotangulia Utafiti

Kutoka vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania imejipanga safu ya milima mikongwe iitwayo Tao la Mashariki. Kwa mamilioni ya miaka pepo za Bahari ya Hindi zimeiletea mvua, hata nyakati ambazo maeneo mengine ya Afrika yalikauka. Ndiyo maana viumbe vingi vilivyomo havipatikani kwingineko duniani. Humo pia ndimo chimbuko la mito: Zigi unaotegemewa na Tanga, Ruvu unaotegemewa na Dar es Salaam, na ile ya Udzungwa inayoujaza Kilombero na hatimaye Rufiji. Katika milima hii elimu imekuwa ikifika baada ya shoka, na gharama ya kuchelewa huko imekuwa kubwa.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki. Swali lao lilikuwa la kibiashara: zao gani litaleta faida? Misitu ilikuwa tayari inafyekwa ili kupanda kahawa, lakini udongo ule, ulioonekana kuwa na rutuba ukiwa chini ya miti, ulichoka upesi na kahawa ikashindwa. Miti ya kigeni nayo ililetwa kujaribiwa. Mmojawapo, musizi, ulikuja kusambaa wenyewe: hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu, nazo huota palipokatwa miti mikubwa.

Chini ya Waingereza, Reginald Moreau alifika Amani mwaka 1928 na kuwachunguza ndege kwa miaka mingi. Hata hivyo ukataji haukukoma, na katika miaka ya 1970 mashine za mbao zilipenya hadi ndani ya msitu. Kilichobaki kikawa vipande vilivyozungukwa na chai na mashamba.

Mwaka 1987 mtafiti William Newmark alianza kupima vipande hivyo. Kazi yenyewe ni ya subira. Nyavu nyembamba hutegwa kwenye kivuli, ndege aliyenaswa hutolewa taratibu, hupimwa uzito, huvishwa pete mguuni na kuachiwa. Akinaswa tena, pete hueleza alikotoka. Ilibainika kwamba kipande kidogo cha msitu hupoteza ndege wa chini ya miti hata kama hakuna anayewawinda. Wengi wao hawathubutu kuvuka uwazi wa shamba. Wakifa waliomo, hawaji wengine.

Elimu hiyo ilizaa matunda. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Baadaye, katika ukanda wa Derema unaounganisha misitu, wakulima walilipwa fidia ili waache mashamba yao ya iliki. Tukumbuke kwamba hao ndio waliobeba mzigo. Hifadhi isiyomjali mkulima haidumu.

Funzo chungu zaidi lilitoka Udzungwa. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba na azaaye watoto badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha kuanza. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni. Ugonjwa wa ukungu nao ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya waliohifadhiwa vilianza kurudishwa Kihansi.

Umeme tunauhitaji, na mashamba pia. Lakini kuchunguza mto kabla ya kuuzuia ni nafuu kuliko kumlea chura ng'ambo kwa miaka kumi na miwili. Kila mradi unaogusa chanzo cha maji uanze na watafiti pamoja na wenyeji wanaoujua msitu, nao wapewe misimu ya kutosha na mamlaka ya kusema hapana.