Pipa Halina Upendeleo

Wadau, nilipoanza kazi hii ya uandishi, mhariri mmoja alinituma uwanjani siku ya mbio. Nikajiandaa na saa na daftari. Akacheka: "Wewe dada, tuandikie nani kapendeza." Niliandika. Roho iliniuma, lakini niliandika.

Siku ile ilinirudia nilipokuwa nasoma historia ya mbio za mapipa za huko Marekani. Msicheke kwanza. Huu ni mchezo wa rodeo, yale mashindano ya wachunga ng'ombe, na umejaa mambo tunayoyajua vizuri sana hapa kwetu.

Zamani wanawake wa rodeo walipanda farasi wakali kama wanaume. Mwaka 1929, huko Pendleton, Oregon, Bonnie McCarroll aliangushwa na farasi, akafariki siku chache baadaye. Wanaume nao walikuwa wanakufa katika mchezo huohuo, ila hakuna aliyewafungia mlango. Waliofungiwa ni akina dada. Pendleton ikafuta mchezo huo kwa wanawake, na waandaaji wengine wakafuata mkondo.

Wakabakiziwa nini? Urembo. Mwaka 1931 huko Stamford, Texas, miji ilialikwa kuleta msichana mmoja mmoja wa kuipamba rodeo. Walipewa alama kwa mavazi, kwa uzuri wa farasi na kwa namna ya kumpanda. Kidogo kidogo mapipa yakaingia, kisha saa ikachukua nafasi ya macho ya majaji. Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao wenyewe, Girls Rodeo Association. Tangu mwaka 1981 kinaitwa Women's Professional Rodeo Association.

Sasa basi, mchezo wenyewe ukoje? Mapipa matatu yanapangwa pembetatu. Kwa vipimo vya kawaida, la kwanza na la pili yameachana futi 90, na kutoka kila moja hadi la tatu ni futi 105. Unaingia kwa shoti, unazunguka yote matatu, unarudi mbio ulikotoka. Ukiangusha pipa, unaongezewa sekunde 5, na hapo umekwisha, maana washindi wanapishana kwa vipande vya sekunde.

Kwa hiyo siri haiko kwenye mbio. Iko kwenye kona. Na kona, jamani, hufundishwa polepole.

Farasi mchanga haanzi na mapipa. Anaanza na miduara mitupu, kwa mwendo wa kutembea, mpaka aelewe mkono na mguu wa aliyempanda. Pipa linapokuja, anafundishwa kuacha nafasi kabla ya kulizunguka. Farasi ni mrefu: akikata kona pua yake ikiwa tu imefika kwenye pipa, bega litaligonga, au goti la mpandaji. Pua ielekee ndani kidogo, mbavu zijipinde kama upinde kulizunguka pipa, miguu ya nyuma iingie chini ya tumbo ili ibebe uzito na kumsukuma atoke. Mpandaji naye asilikodolee pipa macho, atazame anakokwenda. Halafu kuna kulia na kushoto: kwa kawaida pipa la kwanza ni la kulia na mawili yanayofuata ni ya kushoto, kwa hiyo pande zote mbili lazima ziive.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, ila ukimkunja kwa pupa anavunjika. Farasi aliyekimbizwa kabla ya kuelewa hujifunza hofu: huipanua kona, hugoma mlangoni, husimama kwa miguu ya nyuma. Dawa yake ni kurudi kule kwenye kutembea.

Malipo ya subira yalionekana Las Vegas mwaka 1985, kwenye fainali za taifa. Charmayne James, binti wa miaka 15, aliingia na farasi wake Scamper, na hatamu zikamtoka farasi kichwani. Hakukuwa na cha kumwongozea. Scamper alizikata kona zote tatu, na wakashinda raundi ile. Wawili hao walichukua ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993.

Hata hivyo, pesa zilichelewa kuliko heshima. Kwenye fainali hizo wanawake wa mapipa walianza kulipwa zawadi sawa na wanaume mwaka 1998, miaka 50 kamili baada ya mkutano wa San Angelo.

Ninachowapendea wale 38 ni kwamba hawakukaa kubishana na majaji kuhusu uzuri. Walisimama upande wa saa. Pipa halijui umevaa nini. Limesimama au limeanguka, basi.

Siku hizi nikitumwa uwanjani, swali langu la kwanza ni moja: muda ulikuwa ngapi?